Mikono Isiyo na Bangili

Nilipoanza kazi kwenye nyumba ile ya Al Mansoura, ghorofa ya sita, nilikuwa nimeshakaa Doha miaka minne na nilijiona sina jipya la kuona. Nilikuwa nimefanya usafi katika hoteli moja Al Sadd, nikaokota Kihindi kwa wenzangu wa chumba cha kufulia, nikaokota na kiburi kidogo. Kuishi kwingi ni kuona mengi, nilikuwa nikijisemea. Basi Mungu akanipa kazi ya kumtunza bibi mmoja aliyevunjika nyonga, nijue kwamba sijaona kitu.

Watu wa nyumba ile ni Wahindi wa upande wa Mumbai, wenye lugha yao ya Kimarathi. Bibi kwa lugha hiyo huitwa Aji, nami nikamwita hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye akaniita beti, yaani binti, ingawa mimi mwenyewe nina binti mkubwa Tanga. Mwanawe alimleta kutoka kwao baada ya kupasuliwa, ili apone akiwa karibu naye. Mke wa mwanawe, ambaye nilimwita Madamu, alikuwa mwalimu wa sekondari, na nyumba yake ilikuwa na vitabu hadi juu ya friji. Asubuhi wote wawili walitoka, tukabaki Aji, mimi, na sauti ya kiyoyozi.

Kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kumsugua miguu kwa mafuta ya ufuta ya moto. Inauma, sitadanganya, na mimi mkono wangu si mwepesi. Wazee wengine niliowahi kuwaona hulia, wengine hukutukana. Aji aliimba. Aliimba mistari miwili, akanyamaza, akavuta pumzi, akaimba miwili mingine, kwa sauti ya chini iliyokuwa inakwenda na mkono wangu. Siku ya tatu nikamuuliza anaimba nini. Akanitafsiria kwa Kihindi, polepole, kama anavyomsemesha mtu mtoto wa jirani:

Kijaa changu, tuzunguke, jogoo hajui habari zetu bado;
nikikwambia wewe hutasema, jiwe halina mawifi.

Niliacha kusugua nikacheka mpaka nikakaa chini. Bibi yangu mimi alikuwa na kijaa cha kusagia mchele wa vitumbua, kwa hiyo jiwe lile nalijua uzito wake begani. Mawifi nao nawajua. Ila sikuwahi kufikiri kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mistari miwili yakatulia hivyo.

Aji akaniambia kwamba kijijini kwao, alipokuwa mtoto, wanawake waliamka alfajiri kusaga unga wa siku nzima. Walikaa wawili wawili wakitazamana, mpini mmoja mikono minne, na waliimba. Mama mkwe bado anakoroma, mume bado amelala, ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu wa kumwambia mwanamke anyamaze. Yasiyosemeka mchana yaliambiwa jiwe. Nyimbo hizo hazikuwa na mwenyewe. Mama alimwachia binti, binti akaongeza lake, akaolewa mbali akaenda nazo. Yeye alikuwa nazo za mama yake. Nilijaribu kuzihesabu kwa wiki kadhaa, nilipovuka mia mbili nikaona najisumbua.

Kulikuwa na moja ambayo mwanamke anamwambia mungu wake aje washike mpini pamoja kwa sababu mwenzake anaumwa. Mungu mwenyewe wanamchora mweusi, amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, na ingawa ni mwanamume wanamwita mama. Mimi ni Mwislamu, nikasema astaghfirullahi kimoyomoyo. Lakini usiku ule, nilipokuwa nakunja nguo, nilijikuta nafikiri juu ya mwanamke aliyechoka kiasi cha kumwita Mungu jikoni, tena kwa kumwamini kabisa kwamba atakunja mikono ya nguo na kukaa chini. Nilishikwa na kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nadhani kilikuwa heshima, ile inayokufanya ushushe sauti.

Miezi ikaenda. Nilimfundisha kutembea tena, kwanza mpaka bafuni, kisha mpaka sebuleni, hatua kumi na nne kwa fimbo. Mwezi wa Novemba Madamu akaja na habari. Wanawake wa Kimarathi wa hapa Doha wana mkusanyiko wao kila Januari, na safari hii ungefanyika kwake. Isitoshe walimwomba awasomee kitu: jinsi mwanamke anavyochorwa katika fasihi yao na katika dini yao. Na kwa kuwa Aji angerudi India mwezi wa Februari, kwa dada yake, na kwa umri wake hakuna aliyesema angekuja tena, Madamu akataka nyimbo za kijaa ziwemo. Kila jioni akawa anakaa kitandani kwa mama mkwe wake, simu inarekodi.

Siku moja nikiwa namchana nywele, Aji akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Beti, nataka niziimbe hizi mbele ya wanawake mara moja kabla sijarudi. Tangu kijaa kiondoke nyumbani kwetu sijaziimba mbele ya watu. Naimbia goti langu."

Hilo likawa jambo langu. Nilisema moyoni, huyu atakaa sebuleni siku hiyo na ataimba, atake asitake. Tukaongeza mazoezi. Nilimkalisha na kumsimamisha mpaka akaniita askari. Sikuona kizuizi kingine zaidi ya nyonga.

Madamu naye alijizoeza kusoma karatasi yake jikoni, mimi namenya vitunguu saumu. Kiingereza chake kikinishinda alinigeuzia Kihindi. Ndipo nikasikia kwamba wana mungu wa kike aliyepanda simba, mikono minane na kila mkono silaha, aliyeua jitu lililowashinda miungu wanaume wote. Mwingine ndiye mwenye elimu. Mwingine ndiye mwenye riziki. Nikamuuliza, "Sasa Madamu, ikiwa elimu ya mwanamke, riziki ya mwanamke, vita vya mwanamke, hao waume wanafanya nini?" Akacheka, akasema hilo ndilo swali la ukurasa wa tatu. Maana ukurasa wa tatu ulikuwa wa sheria zao za kale, zilizosema mwanamke awe chini ya baba, kisha mume, kisha mwana, asijitegemee hata siku moja. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Wanamsujudia akiwa juu ya simba, akishuka wanamwambia akapike.

Kulikuwa na ukurasa wa malkia wao, mke mwaminifu anayefukuzwa na mumewe akiwa na mimba kwa sababu ya maneno ya watu. Vitabu humsifu kwa kuvumilia. Lakini wanawake wa kijaa, Madamu alisema, hawakumsifu, walimwandalia pa kulala. Na akasoma mistari ya Aji:

Mfalme amefunga mlango, malkia yuko porini na tumbo lake;
dada, pita kwangu, unga upo, na kitambaa cha kumpokelea mtoto kipo.

Kisu kikanikaa mkononi. Watu ambao hawakuruhusiwa hata kukaa mbele ya baba mkwe walimwalika malkia nyumbani, wakamkosoa mfalme, na mfalme mwenyewe ndiye mungu wao. Walifanya hivyo kila alfajiri, kizazi baada ya kizazi, na waume zao wakala ule unga bila kujua umesagiwa maneno gani.

Kisha ukurasa wa wajane. Zamani, alisoma, mjane alinyolewa kichwa, akavunjwa bangili, akafutwa alama nyekundu kwenye paji la uso, akavishwa guo lisilo na rangi na kufichwa jikoni. Wanaume walipoanza kuandika juu yake waliandika analia tu. Wanawake walipojifunza kusoma, wengine kwa kujificha, wakaandika wenyewe, na katika maandishi yao mjane ana hasira, ana njaa, ana mzaha. Madamu aliusoma ukurasa ule kama habari ya kale, nami niliupokea hivyo hivyo. Wala sikujiuliza kwa nini sauti yake ilikuwa imepungua alipokuwa akisoma, na mlango wa Aji ulikuwa wazi.

Mimi mwenyewe ni mjane, mwaka wa saba sasa. Aji alijua. Aliwahi kuniuliza nilifanyiwa nini, nikamweleza eda, miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato. "Na ilipokwisha?" akauliza. Nikamwambia nilioga, nikavaa kanga mpya, nikajifukiza udi, na jioni nikaenda arusini kwa jirani. Aji akaniuliza tena, "Ilikwisha kabisa?" Nikasema ndiyo, kabisa. Nikadhani anaulizia udi.

Ikafika Ijumaa yenyewe. Mwanawe alifukuzwa nyumbani tangu saa nane mchana kwa sababu shughuli ni ya wanawake, akaenda zake Al Rayyan kucheza kriketi. Wageni wakaja kumi na mmoja, sari za hariri, maua kwenye nywele, bangili za kijani mpaka karibu na viwiko, sebule nzima inalia chwee chwee kila mtu akiinua mkono. Walileta vitamu vya ufuta. Nikaenda kumtoa Aji.

Nilimkuta amekaa kitandani kwenye sari yake ya kijivu. "Goti linauma," akasema. "Acha mlango wazi kidogo, nitasikia."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia, "Aji, miezi kumi na minne goti hili nalisugua kama sufuria, leo ndiyo liume?" Akageuza uso. Nikaenda kwa Madamu, nikamwambia mama hataki kutoka. Madamu alikuwa anapanga karatasi zake. Alisema, "Mwache, ameamua mwenyewe," upesi mno, na hakunitazama.

Akasoma kurasa zake zote kumi na mbili, wakampigia makofi mara tatu. Ile ya jiwe lisilo na mawifi iliwaua kwa kicheko. Wakauliza nani kaiimba, akasema mama mkwe wangu, wakasema waah, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Nilikuwa nimesimama na jagi la maji na hilo nililiona.

Baadaye Madamu akanikabidhi sinia la fedha. Lilikuwa na vikombe viwili vidogo, kimoja cha manjano ya unga, kingine cha unga mwekundu. Nilijua wanapakana kwenye paji la uso, nilishaona picha za mwaka uliotangulia. Alikuwa anatafuta zawadi za wageni kabatini, akaniambia bila kugeuka, "Tangulia nalo, waanze, nakuja."

Sasa kwetu sisi kitu cha heshima kikizungushwa, iwe marashi, iwe kahawa, huanza kwa mkubwa. Hata kama mkubwa amelala, utamwamsha. Mkubwa ni jalala, hubeba takataka zetu zote mwaka mzima, basi siku ya marashi aanze yeye. Sikufikiri mara mbili. Nikapita sebuleni na sinia langu, nikaacha mikono iliyokuwa imeshanyooshwa, nikaingia chumbani kwa Aji.

Aliliona sinia akawa kama mtu aliyeona gari linamjia. Nikadhani anangoja nifanye kazi yangu kama kila siku. Nikachovya kidole kwenye manjano, nikampaka. Nikachovya kwenye wekundu, nikampaka katikati ya nyusi. Macho alikuwa ameyafumba.

"Beti," akasema, "unajua umefanya nini?"

"Nimeanza na mkubwa."

Alifumbua macho. Akaniambia, taratibu, kwamba hii ni ya wanawake ambao waume zao wako hai. Kwamba ni ya kuomba waume waendelee kuishi. Kwamba mjane hapakwi, hapaki, wala hakai pale, maana mkono wake huleta msiba. Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyemgusa paji la uso kwa rangi. Nikatafuta kitambaa nimfute, nikaomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, Kiswahili kwanza.

Akanishika mkono. "Na wako amekufa pia," akasema. "Mjane amempaka mjane." Akaanza kucheka, cheko la ndani, mpaka akakohoa. Kisha akasema nimpe fimbo.

Madamu alikuwa mlangoni. Alimwona mama mkwe wake na alama ile nyekundu, akaweka mkono mdomoni. Hakutuzuia, wala hakutusaidia. Alisogea tu.

Tukaingia sebuleni, mimi na sinia langu nyuma yake. Mgeni mmoja, mzee kuliko wengine, akachukua mkoba wake akaenda kuvaa viatu. Aji alimsubiri atoke. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaweka fimbo sakafuni, akaimba wimbo ambao hakuwahi kuniimbia mimi wala simu ya Madamu:

Walinivunja bangili, mikono haikuvunjika;
bado inasaga, na unga wake mnaula.

Aliurudia mara tatu. Mara ya tatu sauti ilikuwa imefunguka na nikaona kwa macho yangu alivyokuwa akiwa msichana. Mimi nimesikia wasomaji wakubwa wa Kurani, nimesikia taarabu na mwimbaji anatuzwa mpaka anazama, lakini nywele za mikono hazijawahi kunisimama vile. Wanawake watatu walikuwa wanalia. Niliweka sinia kwenye meza iliyo karibu na kiti chake.

Ndipo Madamu akaja. Akapiga magoti mbele ya kiti, akashusha kichwa, akamsogezea mama mkwe wake paji la uso.

Mkono wa Aji ukaenda mpaka kwenye kikombe chekundu, ukasimama hewani. "Siwezi," akasema. "Ni mwanangu."

Mimi sikuelewa, mpaka mgeni aliyekuwa karibu akaninong'oneza. Kwa imani yao, mjane akimpaka mke wa mtu, anayewekwa hatarini ni mume. Na mume wa Madamu ndiye mtoto pekee wa Aji. Alikuwa tayari kuvunja mwiko kwa ajili yake mwenyewe. Huu ulikuwa mwingine.

Madamu hakuinua kichwa. Alisema, "Mama, nimesoma kurasa kumi na mbili mbele ya watu. Leo nilifurahi nilipoambiwa hutaki kutoka. Nilifurahi. Usiponipaka, nitaishi na hilo."

Niliona midomo ya Aji ikisoma kitu. Kisha akachovya kidole akampaka, kwa nguvu, mpaka unga ukamwagika puani. Baada yake wageni watano wakaja mmoja mmoja kupiga magoti. Wengine hawakuja. Wakala vitamu vyao vya ufuta wakitazama simu, nami siwezi kuwasema vibaya, kila mmoja alikuwa na wake wa kumwombea.

Walipoondoka ilikuwa bado alasiri. Aji akaniomba nimsogezee kiti karibu na mlango wa nje. Nikataka mwanawe apigiwe simu, akakataa, asije akaipokea huku anaendesha. Akakaa. Nilimletea chai, ikapoa. Madamu alipanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikaenda kusali Magharibi, nikarudi, nikakuta taa hazijawashwa na hakuna aliyesogea. Mimi siamini hata chembe kwamba rangi inaweza kuua mtu barabarani. Lakini nilisimama nyuma ya kiti kile nikihesabu kila lifti iliyopanda, na kila ilipopita ghorofa yetu bila kusimama nilimshika Aji bega.

Ufunguo ukazunguka. Akaingia, shati limelowa jasho, mfuko wa machungwa mkononi, akatukuta wanawake watatu gizani tumemkodolea macho.

"Kuna nini?" akauliza.

Aji alimvuta mpaka akachuchumaa, akamshika uso kwa mikono miwili, mashavu, masikio, shingo, kama anayemkagua mtoto aliyeanguka, akampaka manjano na wekundu uliokuwa umebaki vidoleni kila alipomgusa. Kisha akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimjue, na mwanawe akabaki amechuchumaa pale pale bila kuuliza tena.